Blauzi ya Uzi wa Magunia

Miaka ya vita, uzi wa kufumia ulikuwa adimu Butembo, na ukiupata, bei yake inakufanya ucheke peke yako dukani. Sisi tulikuwa na dawa yetu. Gunia la unga wa ngano hushonwa mdomo kwa uzi mweupe wa pamba, na ukijua ncha ya kuvuta, mshono wote unafunguka kwa mkupuo mmoja, krrrr, mpaka mwisho. Ukikosea ncha, utakaa unang'ang'ana na mafundo hadi jioni. Mimi ncha nilikuwa naijua. Waoka mikate wa mtaa wetu walinipa nyuzi zao, nikazichemsha kwa sabuni na kuzikunja. Sindano zangu za krosheti zilikuwa spoki mbili za baiskeli ambazo baba alizichonga ndoano kwa tupa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikajiona fundi wa mafundi.

Kwetu ni baridi, kwa hiyo nilizoea kufuma vitu vizito: shali, sweta, kofia za masikio. Blauzi nyepesi hakuna aliyewahi kuniagiza, mpaka siku mama mmoja mfanyabiashara alipotuletea mawese kutoka Beni pamoja na ujumbe wa dada yangu.

"Yaya yako anasema jua ya Beni inamupika," aliniambia. "Umufanyizie kablouse ka krosheti, ka kupitisha upepo. Mesure ni hii." Akatoa kamba nyembamba ya kipimo, imelowa mawese nusu nzima.

Yaya ndivyo tunavyoita ndugu mkubwa. Wangu alikuwa ameolewa Beni, ulikuwa mwaka wa saba, na hana mtoto. Mume wake alikuwa mtu mzuri, lakini ukoo wake, Wakristo wale wale wanaokaa viti vya mbele kanisani, walikuwa wameanza kunong'ona juu ya mke mwingine. Mimi jambo hilo lilinikera mpaka usingizi unaniruka. Nikaapa kwamba blauzi hiyo itakuwa nzuri kiasi kwamba wakwe zake wakimwona ibadani wajue huyu ana kwao, ana watu.

Barua hatukuandikiana. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walizifungua na kuzisoma kwa sauti, wakacheka. Kipimo tulikitumiana kwa kamba, kama bibi zetu: unaanzia ncha moja, fundo moja ni mabega, mafundo mawili kifua, mafundo matatu kiuno.

Mama yangu aliishika kamba kwanza. Akaipima kwa kiganja mara moja, akaipima tena, akanirudishia. Kisha akaingia jikoni na kuimba nyimbo za kanisa, moja baada ya nyingine, mpaka chakula kikaiva. Nilidhani amefurahia mawese.

Nami nikaitazama kamba, nikakasirika. Mabega sawa. Kifua kimezidi kidogo, sawa. Lakini mafundo matatu yalikuwa kule mwisho kabisa, yamepita kifua kwa shubiri nzima! Dada yangu mimi namjua, kiuno chake ukikikumbatia mikono inabaki. Nikasema huyu amefunga vibaya, au kamba imevutika kwa mafuta. Nikachukua mkasi, nikakata kile kipande cha ziada, nikakitupa.

Mama alipita mlangoni akanikuta nimeshaanza mnyororo wa kwanza.

"Fata kamba," akasema. "Hapana fata kichwa yako."

"Mama, kazi yangu naijua."

"Ndiyo. Lakini fata kamba."

Sikufuata. Nilifuma wiki tatu, mistari ya matundu makubwa kama dirisha, upepo uingie na kutoka, na pindoni nikaweka magamba madogo, kama ya samaki, yaliyonitoa jasho. Nilipomaliza, mama aliitandaza magotini, akaisifia magamba, akaikunja.

Njia ilipotulia kidogo, nikapanda lori kwenda Beni na kikapu ambacho mama alikipanga mwenyewe: viazi, vitunguu majani, blauzi juu kabisa ndani ya karatasi. Kwenye kizuizi askari aliifungua karatasi, akainua blauzi juani.

"Kitoko!" akasema, yaani nzuri. "Ya mutoto?"

"Ya yaya yangu."

"Yaya yako iko mwembamba vile?"

Nikamwambia aangalie kazi yake na mimi niangalie yangu. Watu wa lori wakaniminya niache mdomo. Bahati nzuri askari alicheka.

Nilipofika, mtu wa kwanza niliyemwona uani ni mama mkwe wa dada, amebeba kiti. Yule yule wa manong'ono! Anakibeba kwa mikono miwili, anakiweka kivulini, anakipangusa kwa kitenge chake. Halafu dada akatoka ndani, tumbo likamtangulia.

Nilisimama kama niliyesahau njia. Yeye akaichukua blauzi kwa furaha, akaivaa palepale. Ilishuka mabegani vizuri, ikapita kifuani kwa shida, ikafika juu ya tumbo ikagoma.

"Kamba hukuisoma?" akauliza.

"Nilikata. Nilizani ulikosea."

"Nilikutumia habari, weye wa kwanza, mbele ya batu bote. Ukaikata na mukasi!"

Tulicheka mpaka mama mkwe akaja kumwambia mjamzito asicheke hivyo. Lakini mimi katikati ya kicheko nilianza kulia, kwa furaha na kwa aibu, kwa sababu miaka saba yote ilikuwa imeandikwa kwenye kamba ile na mimi nikaisahihisha.

"Mama naye hakunieleza kitu," nikalalamika.

"Tumbo ya mutu hatuitangazake. Angekueleza namna gani?"

Tukamwaga viazi vya kupika. Chini kabisa ya kikapu kulikuwa na mafungu mawili ya uzi wa magunia, mweupe, umechemshwa tayari, na spoki yangu ya pili imechomekwa humo. Yalikuwa yamefungwa pamoja kwa kipande cha kamba chekundu kwa mawese, chenye mafundo matatu.

Jioni ile ile nilifumua ubavu wa blauzi ili niongeze upana. Nilikiunga kile kipande na kamba yake, niliyokuja nayo mfukoni, nikamzungushia dada tumboni, nipime vizuri safari hii. Ncha hazikukutana. Zilibaki vidole vinne.

"Ongeza," akasema dada. "Ongeza tu."