Mpishi Aliyeushibisha Mpunga

Wanafunzi walimpa jina la Ongeza, na jina likamganda mpaka majirani wakasahau kama alikuwa na jingine. Alipika shule ya bweni tangu nywele zake zikiwa nyeusi hadi zilipobaki chache, na muda wote huo hakuwahi kumwacha mtoto mwenye sahani tupu apite mbele yake. Mtoto anasema ameshiba, Ongeza anamwaga. "Ongeza, ongeza! Mifupa hiyo unampelekea nani?" Mwalimu wa zamu anakuna kichwa kwa sababu maharage ya Ijumaa yameisha Jumatano, Ongeza anaangalia dari. Alipostaafu, mwalimu mkuu alimshukuru kwa hotuba ndefu, na nadhani nusu ya shukrani ilikuwa ya kupumua.

Nyumbani mambo yakawa yale yale. Paka wao alinenepa hadi akashindwa kuruka dirishani, ikabidi awe anafunguliwa mlango kama mgeni wa heshima. Basi mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyekuja kukabidhiwa jaruba la mpunga.

Jaruba halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, amerithi kwa mama yake, na ndicho kitu pekee ambacho mwanamke yule alikiita "changu" bila kupunguza sauti. Miaka yote mume akiwa jikoni shuleni, yeye alikuwa matopeni, ameinama, anang'oa magugu huku akipiga soga na jirani mwenye jaruba la pili. Halafu msimu mmoja wa mvua, akitembea juu ya tuta, mguu ukateleza. Alianguka vibaya, nyonga ikavunjika. Hospitali wakamfanyia upasuaji, wakamtia chuma, wakamrudisha nyumbani na fremu ya kutembelea na maagizo mawili: atembee kila siku, na asiiname.

Asiiname! Kumwambia mkulima wa mpunga asiiname ni sawa na kumwambia Ongeza apike bila moto. Na kamati ya mfereji uliomwagilia majaruba yote ilikuwa na sheria kali, ingawa ukiifikiria ina akili: jaruba lililomezwa na magugu linachukuliwa, anapewa mwingine anayesubiri zamu, maana mbegu za magugu husafiri na maji zikawachafulia wote. Mwanamke yule alilala chali akitazama mabati, machozi yakamtoka. Hakuwa analilia nyonga.

Ndipo bibi shamba alipokuja kumjulia hali, msichana mrefu mwenye buti za mpira na kicheko cha karibu, mkononi ana kifuko cha mbegu.

"Mama, huu ni mpunga unaojipigania wenyewe," akasema. "Mizizi yake inatoa kitu ardhini, kama sumu hafifu. Magugu yakiota karibu yanadumaa. Hayafi yote, nisikudanganye, lakini yatakayobaki hata mtu asiyejua kulima atayamaliza."

"Kwa hiyo mimi nikae tu?"

"Ukae, ila msiudekeze. Nguvu hizo haziji bure, zinategemea mpunga unaishi vipi. Unataka jua, ukiwa kivulini unazubaa. Ukikosa chakula kidogo, ukayaona magugu yanausogelea, ndipo unazidi kutoa hiyo sumu. Ukiulisha mbolea mapema, unasahau ugomvi. Na mbolea hiyo magugu nayo yanakula, tena kwa ulafi. Subirini ushike ardhi, majani yakutane, halafu ndipo mtupie kidogo."

Maneno haya ya dhahabu yalisemwa sebuleni. Ongeza alikuwa wapi? Jikoni, anatafuta kikombe kikubwa zaidi cha kumwongezea mgeni chai ambayo mgeni hakuiomba. Alichonasa ni kwamba mpunga unajipigania wenyewe, akafurahi sana.

"Basi mimi nitakuwa kichwa, wewe utakuwa miguu," mkewe alimwambia jioni ile. "Usiutie kitu chochote mpaka nikwambie. Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, mama. Kula kwanza."

Akapandikiza miche kwa mikono yake, mistari ikaenda upogo kama mlevi anarudi nyumbani, lakini ikashika. Kila asubuhi alikwenda kuitazama na kila mchana alirudi kutoa ripoti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku alipoikuta miche imepauka, majani membamba, rangi ya njano imeanza kuingia kwenye ncha. Wewe na mimi tungesema ndiyo hali ya mpunga uliohamishwa. Ongeza hakuona mpunga. Aliona watoto wa bweni wamepanga foleni na sahani tupu.

Alijikaza. Siku ya kwanza akapita, ya pili akapita macho yakiwa chini, ya tatu mikono ikamwasha. Akaenda dukani, akanunua mbolea ya kukuzia, akaibeba begani hadi jarubani na kuimwaga kwa konzi, mstari kwa mstari, akisema kwa sauti kabisa, "Kuleni, kuleni wanangu." Mfuko ulikwisha kabla hajafika kona ya mwisho, ile ya karibu na mfereji. Aliiomba radhi kona hiyo.

Haikupita muda, jaruba likawa kijani hata likaumiza macho. Wapita njia walisimama. Ongeza akatembea kifua mbele. Kulikuwa na mashina fulani marefu kuliko mengine, manene, yamejaa afya, na hayo ndiyo aliyoyapenda zaidi, akawa anayapapasa kila akifika. Nani angemwambia mpishi kwamba lile ni gugu linalofanana na mpunga kama pacha? Aligundua siku mwenye jaruba la pili alipomwuliza kwa upole kama ameamua kulima nyasi mwaka huu. Alipochungulia chini, kati ya mistari hakukuwa na udongo wa kuonekana. Ndago, majani mapana, kila aina, yote yamekula yakavimba.

Akaanza kung'oa peke yake kwa siri. Aking'oa huku, kule yanaota. Nyumbani mkewe anauliza, "Linaendeleaje?" naye anajibu, "Linapendeza, mama," kisha anakimbilia jikoni.

Na kwa sababu dhamira ilikuwa inamchoma, akazidisha kumtunza mgonjwa. Mkewe akishika fremu ainuke, Ongeza ameshafika. "Tulia, nitakuletea." Akitaka maji, yapo. Akitaka kwenda uani, anabebwa. Uji asubuhi, supu kabla ya mchana, chakula, matunda, chakula tena. Mwanamke yule alikula vijiko viwili vitatu kwa adabu, akasogeza sahani. Ongeza akaona anadhoofu, akaongeza. Fremu ikahamia pembeni ya kabati, wakaanikia taulo.

Siku moja mwenyekiti wa kamati ya mfereji, mwanamke mkavu wa maneno, alisimama juu ya tuta, akatazama jaruba kutoka kichwa hadi miguu, akasema, "Tutapita kukagua kabla mpunga haujabeba mimba. Likiwa hivi, unajua utaratibu." Akaondoka.

Ongeza alirudi nyumbani, akapakua chakula sahani moja, akaketi. Mkewe akaitazama ile sahani, akamtazama yeye.

"Hukuongeza," akasema. "Kuna nini?"

Mzee mzima akalia. Alisema yote: mbolea, magugu, yale mashina aliyoyapapasa, mwenyekiti. "Nimekupotezea jaruba lako, mama. Nimekudanganya kila siku huku nakulisha."

Mkewe akasogeza sahani pembeni. "Nipeleke," akasema.

Asubuhi Ongeza akatandika mto kwenye mkokoteni, akamsukuma hadi mashambani. Mwanamke alipoliona jaruba lake alijishika kichwa, na kwa kitambo kidogo Ongeza alitamani ardhi ipasuke. Halafu akaona mkewe ameinua shingo, anaangalia mbali, kwenye ile kona ya mfereji.

"Pale hukutia?"

"Mfuko uliisha."

"Nisogeze."

Kwenye kona ile mpunga ulikuwa mfupi, mgumu, hauna urembo wowote. Lakini chini yake udongo ulikuwa unaonekana. Magugu yaliyokuwepo yalikuwa madogo, yamejikunyata, mengine yamepauka kabisa. Mstari mmoja tu pembeni, palipofika mbolea, ndago zilikuwa zinafika magotini.

Mkewe akacheka. Alicheka hadi akashika ubavu, mwenye jaruba la pili akainuka kutazama kulikoni.

"Bibi shamba alisema, na wewe ulikuwa kwenye chai! Mpunga umeshiba, baba, utagombana na nani? Huu wa hapa umelala na njaa, ndiyo maana una meno." Kicheko kikaisha taratibu. Akatazama miguu yake juu ya mto, imenyooshwa, laini, imekuwa myembamba. "Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje?"

"Daktari alisema nitembee. Unanibeba. Tangu nirudi sijawahi hata kwenda kujichotea maji. Umenitia mbolea mimi, mume wangu, tena kwa mapenzi, na ninakushukuru, Mungu anajua. Lakini nimekuwa kama jaruba hili."

Neno lile lilimwingia. Akavua viatu akaingia matopeni kung'oa.

Walikwenda kila siku. Mwanzoni mkewe alielekeza kutoka kwenye mkokoteni: "Hilo si mpunga. Tazama pale jani linapokutana na bua. Mpunga una kijiulimi na vinywele, hilo halina kitu, ling'oe!" Lakini kutoka mkokotenini hakuona mistari ya ndani. Siku ya tatu akaagiza fremu iletwe. Akasimama. Tuta lilikuwa limekauka, lakini lilikuwa tuta lile lile. Ongeza, magoti yakiwa kwenye tope, akataka kuruka kwenda kumshika.

"Thubutu!" mkewe akamwambia. "Mikono hiyo ibaki huko huko."

Ongeza akaizamisha kwenye tope hadi vifundoni, akashikilia mizizi ya ndago kama mtu anayeshikilia kamba mtoni. Mkewe akapiga hatua, akaegemea fremu, akapiga nyingine. Jasho lilimtoka Ongeza kuliko yeye anayetembea. Alipofika mwisho wa tuta akageuka, anahema, uso umejaa nuru, akapaza sauti, "Mstari wa nne umeruka magugu matatu!"

Mwenye jaruba la pili alikuja kusaidia bila kuitwa, akashika mistari ya upande wake, na soga zikaanza pale pale zilipokatikia siku ile ya kuanguka. Kamati ilipopita, yalibaki magugu ya hapa na pale. Mwenyekiti alimtazama mwanamke aliyesimama juu ya tuta na fremu yake, akalitazama jaruba, akasema, "Haya. Msimu ujao lisifike huko," akaendelea na safari. Ongeza alitaka kumkumbatia. Bahati nzuri alikuwa na matope.

Msimu uliofuata walipanda mbegu ile ile. Miche ilipopauka, Ongeza alikwenda kuitazama akiwa ameifunga mikono yake mgongoni, kwa mkanda wa suruali, na hili si la kutunga, mwenye jaruba la pili alimwona. Alipita, akarudi, akalalamika nyumbani, akapita tena. Magugu yakaota, kisha yakasimama yalivyo, mafupi, kama yaliyokatazwa. Aliyang'oa kwa siku chache. Majani yalipokutana, mkewe akasema, "Sasa kidogo," naye akatupia kidogo, akaona fahari kuliko siku aliyomwaga mfuko mzima.

Kisha ikaja asubuhi ambayo mkewe alishika gongo la kutembelea badala ya fremu, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akasema anakwenda jarubani.

"Nichukue mkokoteni?"

"Wewe baki."

Akabaki. Alisimama mlangoni akiangalia mgongo ule unavyopotea taratibu kwenye kona ya njia, kisha akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Alipika, akafunika. Hakumfuata, hakumpelekea chupa ya chai, hakumtuma mtu. Paka tu ndiye aliyesikia maneno aliyokuwa akijisemea.

Jua lilikuwa limepanda sana gongo liliposikika uani. Mkewe aliingia na matope hadi magotini, amechoka, anahema, anatabasamu, akaketi kwenye kiti cha jikoni kwa kishindo. Akanawa mikono, akatazama sufuria.

"Mume wangu," akasema, "nina njaa."

Ongeza alishika upawa akasimama nao. Tangu mkewe aanguke alikuwa amemlisha asubuhi, mchana na jioni, na neno hilo hakuwahi kulisikia, kwa sababu hakuwahi kumpa nafasi ya kulisema. Akapakua sahani ya kawaida, akaiweka mbele yake, akarudi nyuma hatua moja. Mkewe alikula yote, akaifuta sahani, kisha akaisukuma mezani kumrudishia, tupu, na yule mpishi aliyelisha shule nzima akageukia ukutani ili kumshukuru Mungu bila kuonekana.