Kompyuta Aliyoniachia Binti Yangu

Mke wangu na binti zetu wawili waliondoka Bujumbura mwanzoni mwa kiangazi, kwenda kuishi katika nchi moja ya baridi huko Ulaya iliyokubali kuwapokea. Sisi ni watu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na tulikuwa tumekaa Burundi kama wakimbizi kwa miaka mingi. Dosiye yetu ya maombi ilianza ikiwa moja, kisha yangu ikatengwa, kwa sababu jina la baba yangu lilikuwa na herufi moja tofauti katika karatasi mbili. Tukaambiwa wao watangulie, mimi nitafuata.

Kazi yangu ni kutafsiri hati za watu, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili na kurudi: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, barua za shule. Naifanyia nyumbani, mtaa wa Mutakura. Kwa hiyo ninajua vizuri herufi moja inavyoweza kumfanya mtu kuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimewasahihishia wageni makosa ya aina hiyo kwa miaka kumi na mbili, na la kwetu sikuliona.

Nyumba ya vyumba vitatu ni kubwa kwa mtu mmoja. Nilifunga mlango wa chumba cha wasichana, si kwa hasira, ila upepo ulikuwa unaupigapiga na kila mara nilifikiri kuna mtu anatoka. Asubuhi moja mteja alibisha hodi, nikamjibu karibu, na sauti ikatoka imekauka kama ya mgonjwa. Nilipohesabu nikakuta lile ndilo neno langu la kwanza tangu juzi yake.

Mwezi wa tatu wa upweke huo, kompyuta yangu ilianza kuchoka. Ilipata moto na kujizima baada ya nusu saa, na matundu yote ya flashi yalikuwa yamekufa. Nikakumbuka kwamba binti yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa ameniachia ya kwake, kwa kuwa mizigo ilizidi kilo. Alikuwa ameiweka juu ya kabati, ndani ya mfuko wa kitambaa, na kuniambia, "Papa, utaitumia." Niliishusha, nikaifuta vumbi, nikaiwasha.

Haikufanana na kitu chochote nilichokijua. Yangu ilikuwa na Windows, niliyoizoea kama njia ya kwenda sokoni. Hii ilikuwa na mfumo mwingine, wa Linux, ule unaoitwa Ubuntu. Nilipoliona jina hilo kwenye skrini nilicheka peke yangu, maana hapa Burundi ni neno la kila siku: ubuntu ni utu, na kitu cha ku buntu ni cha bure. Kicheko kiliishia hapo. Sikujua faili ziko wapi, wala programu ya kuandikia inaitwaje, na kazi za watu zilikuwa zinasubiri.

Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja karibu na soko, mtu wa rika langu mwenye mvi. Aliifungua, akaizungusha zungusha, akaniambia haina ugonjwa.

"Ni système tu njo ingine," alisema. "Uniachie. Nitafuta yote, nikuwekee Windows, hautasumbuka tena."

Nikakubali, nikaondoka kwenda kununua makaa. Neno lile "yote" lilinifikia nikiwa nimeshalipita soko. Nilisimama. Kisha nikageuka na kukimbia, mtu mzima mwenye kandambili, wauza mboga wakinitazama kama ninayemfukuza mwizi.

Bahati ilikuwa kwamba umeme ulikatika mara tu nilipoondoka. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi nje, anakula karanga, na mashine imefungwa kando yake.

"Usifute," nilimwambia nikihema. "Ndani kuna vitu vya mutoto wangu."

Aliniuliza vitu gani. Sikuwa nimefungua hata kimoja. Nilikuwa nimekaa na mashine ile siku nne, nikitafuta mahali pa kuandikia tu. Alinitazama kidogo, nadhani akaelewa zaidi ya nilivyotaka, akanirudishia.

"Basi ujifunze iyo iyo, Papa," alisema. "Haiumi."

Jumapili hiyo, baada ya misa, nilimpigia binti yangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa tofauti ya saa, lakini wakati ule wa mwaka saa zao na zetu zilikuwa sawasawa. Jambo hilo liliniumiza kwa namna ambayo sikuitarajia. Walipokuwa wanakula mchana, nami nilikuwa ninakula mchana. Sikuweza kusema wamelala ndiyo maana hawapigi.

Nilimweleza ninachotaka. Maandishi yangu ya miaka kumi na mbili yako katika mashine ya zamani, na flashi haiingii. Nataka mashine mbili zionane kupitia kisanduku cha intaneti kilichopo sebuleni, ili niyahamishe kabla ile haijafa. Akasema si kazi ngumu. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, inaharakisha, na nyuma yake nilisikia mdogo wake akiongea na mtu lugha nisiyoijua.

Akanifungulisha dirisha jeusi lenye mstari unaopepesa. Akanisomea amri herufi kwa herufi, nami nikaandika kwa vidole viwili, kama karani wa zamani. Mashine ikaniomba neno la siri, ambalo alikuwa ameniandikia kwenye karatasi. Nikaandika, hakikutokea kitu. Wala nyota, wala nukta. Nikafuta, nikaanza tena. Nikamwambia kibodi imekufa.

"Apana, Papa, haikufa," alisema. "We andika tu. Haionyeshi, lakini inakusikia."

Nikaandika bila kuona ninachoandika, nikabonyeza, na mistari ikaanza kumiminika. Tukatengeneza folda ya pamoja. Kisha nikahamia ile ya zamani, nikafungua mahali pa mtandao, nikakuta iko peke yake. Hakuna mashine nyingine. Tukarudia mara ya pili na ya tatu, na ile ya zamani ikajizima kwa joto katikati. Binti yangu alikuwa na pahali pa kwenda. Aliniomba radhi, akasema atafikiria, tukaagana. Mashine zangu mbili zikabaki juu ya meza moja, katikati yake nafasi ya kiganja, kila moja haijui kama mwenzake yupo.

Wiki nzima nilijaribu. Niliipoza ile ya zamani juu ya sinia la bati lililowekewa maji kidogo chini yake. Nilisoma maelezo ya watu kwenye simu mpaka macho yakauma. Sitasema nilifurahi, ila siku zilipita, na nilikuwa na kitu cha kumwuliza binti yangu. Nilimtumia maswali, alinijibu kwa sauti fupi fupi, mara nyingine akitembea, nikisikia nyayo zake na pumzi yake ndani ya baridi. Swali moja nililijua jibu lake. Nililiuliza hivyo hivyo.

Alhamisi akanitumia sauti ndefu zaidi. Alinitaka nitazame ile ya zamani imeandika nini kuhusu mtandao wa nyumbani. Nikatazama. Ilikuwa imeandika kwa Kifaransa: mtandao wa umma. Ilidhani iko mahali pa watu wengi, kama uwanja wa ndege au hoteli, ndiyo maana ilijificha isionwe na mtu. Niliangalia sebule yangu, viti vinne, kimoja ndicho chenye alama ya kukaliwa. Nikabadilisha, nikachagua mtandao wa faragha. Dakika moja baadaye jina la pili likatokea kwenye skrini. Binti yangu alikuwa ameiita mashine yake "chumba-changu."

Nilihamisha maandishi yangu yote, asubuhi tatu, nusu saa nusu saa. Sasa kwa kuwa nilijua faili ziko wapi, niliviona pia vya kwake: masomo, picha za kwaya, picha za mama yake akisuka nywele uani, na sauti moja ya dakika mbili ambamo ninasikika mimi, kutoka chumba kingine, nikilalamika kwamba chai haina tangawizi. Hawanijibu. Wanacheka tu, wote watatu. Sikujua kama nilikuwa nachekwa siku ile.

Jumapili iliyofuata nilimshukuru. Nikamwambia nafasi ndani ya mashine imebaki ndogo, lakini sina haraka.

"Futa vya kwangu, Papa," alisema. "Mi niko na ingine huku, nilishanakili vyenye nilihitaji."

Alisema kwa wema, kama mtu anayempisha mwingine kwenye benchi. Nikamwuliza kuhusu ile sauti ya chai. Hakuikumbuka. Nikamwuliza mama yake yuko wapi; alikuwa kazini, kwenye kazi ya kufua mashuka ya hospitali, atanipigia jioni. Alipiga kweli. Tuliongea kuhusu dosiye yangu, ambayo haikuwa imesogea, na kuhusu bei ya viatu vya baridi.

Sikufuta. Nilifungua akaunti yangu mwenyewe kwenye mashine ile, nikaacha ya kwake kama alivyoiacha, nikajibana katika nafasi iliyobaki. Ya zamani ilikufa kabisa kabla ya mvua kuanza. Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa Ruziba aliniletea cheti cha kuzaliwa cha mwanawe ili nikitafsiri. Nililisoma jina la baba mara tano, herufi kwa herufi, kwa sauti, na yule mama akangoja bila kuniuliza kwa nini.