Homa ya Kiangazi na Pipa la Langoni

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi simu ililia nikiwa nyumbani Kitengela. Alikuwa Abdi, rafiki yangu anayeuza mbuzi mjini Kajiado. Mkewe, Mama Hodan, alikuwa ameugua homa ya dengi kwa mara ya pili, naye Abdi alikuwa ameagiza lori la Jumamosi liwarudishe Garissa. "Huu mji umetukataa," alisema. Nikawasha pikipiki.

Isinya nilisimama kunywa chai. Homa za mvua nazijua. Hii ilikuja kiangazi, nyasi zote zimekauka.

Kajiado nilimkuta Mama Hodan ameketi mkekani, mwili umenyong'onyea lakini mdomo mzima. Daktari alikuwa amesema hatari imepita. "Abdi anataka kunirusha kwa lori na hii mifupa," aliniambia. "Mwambie atangulie yeye."

Nikazunguka kwa majirani nikiuliza nani aliugua, na lini. Mama Naserian, wa nyuma ya zizi la Abdi, alinicheka kwanza, kisha akakumbuka: kwake, kwa Abdi na kwa fundi cherehani, miaka mitatu mfululizo, kila mara maji ya mfereji yakikatika. Mvua ikirudi, homa hutoweka. Maji yakikatika watu hununua ya boza, gari la tangi, na kuyaweka akiba, na Abdi huacha pipa moja wazi langoni ili mbuzi wa mteja yeyote wanywe. Nilichungulia. Maji yalikuwa safi, na viluwiluwi vya mbu vilijaa humo.

Nilimweleza Abdi kwamba mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia, tena huuma mchana, saa ambazo neti imekunjwa. Afunike pipa. Akakataa.

"Baba Nekesa, mimi sifungii mnyama maji. Sokoni wataniitaje?"

Mama Hodan ndiye aliyekata shauri: maji ya langoni yawekwe karaini, mbuzi wayamalize kila jioni, karai lisuguliwe, mapipa ya akiba yafunikwe, na majirani wafanye hivyo hivyo.

Abdi alikuna ndevu. "Sawa, kiangazi kimoja. Homa ikirudi tunahama, na lori utalipa wewe."

Jioni nilirudi Kitengela. Kabla ya kuvua koti nilichungulia pipa langu la uani. Nalo lilikuwa na wapangaji.

Kiangazi kingine kimepita, na katika nyumba zile tatu hakuna aliyeugua. Msimu mmoja si ushahidi kamili, lakini siku hizi nikisikia homa, huuliza kwanza huja lini. Lori sikulilipia; lingenigharimu shilingi elfu thelathini na tano.