Mafuta Yangu Yakae Rafu Gani?

Mama mwenye duka aliniuliza swali moja tu, likaninyima usingizi. "Ni ya kike au ya kiume?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta yake, mjini Geita, nimeshika kikopo cha mafuta ya mikono niliyoyapika mwenyewe kwa nta ya nyuki na alizeti ya kwetu Didia. Yeye ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Shinyanga, na Kisukuma chake kinakishinda changu. Duka lake lina pande mbili. Kushoto kuna mawigi, manukato na mafuta ya nywele. Kulia kuna nyundo, kamba, tochi na buti za mpira.

"Sijui, Mama," nikasema. "Ni ya mikono tu."

"Mwanangu, kila mtu ana mikono. Nenda ukaandike ni ya nani, ndiyo nijue pa kuyaweka."

Kuyaweka dukani ilikuwa lazima, na sababu ni dada yangu. Dada anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, yeye na wanawake wenzake, wamekaa chini ya turubai tangu asubuhi. Mikono yake ilikuwa imepasuka mpaka akiosha vyombo anauma meno. Mafuta yale niliyapika kwa ajili yake. Nilipompa kikopo cha kwanza alikinusa, akacheka.

"Bhebhe, wewe! Umechemshia kwenye sufuria yangu ya ugali halafu unaniambia ni dawa? Siku nikiyaona dukani, nitapaka."

Alikuwa anatania, lakini kupaka hakupaka.

Basi nikahangaika. Nikawa natazama mikono ya watu kama mwizi. Ya bodaboda, ya mama wa chapati, ya mwalimu wa kwaya kanisani. Yote imepasuka, na hakuna mpasuko uliosema mimi ni wa kike. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nakumbuka nimeacha kitu jikoni.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyekata shauri. Yeye anashuka kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao.

"Andika ya wanaume," alisema. "Mwanamke atanunua kitu cha mwanaume. Mwanaume hanunui cha mwanamke hata umtishie panga."

"Na huyo mwanamke akinunua, ananunulia nani?" dada akauliza.

"Mume wake!"

Wakacheka wote wawili, nami nikaona nimepata elimu ya chuo kikuu. Nikaenda steshenari wakanichapia lebo nyeusi, ina ngumi katikati, MAFUTA YA WANAUME. Na ili yasinuke harufu ya jikoni, nikayachemsha upya na mchaichai. Yalinukia jamani! Nilishaanza kuona lori limebeba makatoni yangu, linapita Kahama watu wanapunga mikono.

Mama mwenye duka akayapanga kulia. Shemeji akataka awe mteja wa kwanza. Asubuhi akajipaka mpaka viwiko, akaondoka anapiga mluzi.

Mchana nikamwona anarudi, nguo safi. Mchimbaji akirudi mchana nguo safi, ujue kuna jambo.

"Wamenikatalia kushuka," alisema.

Kwenye duara lao hashuki mtu anayenukia. Si manukato, si sabuni ya harufu. Wanaamini dhahabu ikisikia harufu nzuri inahama. Mimi ni mtoto wa wakulima, ningejuaje? Na yeye mwenyewe kwa furaha ya kunisaidia alisahau. Wenzake walimnusa kabla hajafika, wakaanza: "Karibu bwana harusi! Bibi harusi umemwacha wapi?" Wakamkalisha kwa mama wa chai, zamu ikaenda bila yeye.

Nililia. Akawa yeye ndiye wa kunibembeleza. "Nyamaza, shemeji. Kwamba nanukia vizuri, hilo hawakubisha."

Jioni dada akarudi, akaweka nyundo chini. "Nimeyaona dukani mafuta yako."

"Umepaka?"

"Nipake nini? Yameandikwa ya wanaume, tena na ngumi. Wenzangu tayari wananiita jembe. Nikitoa kikopo kile wataniita baba."

"Uliyaonaje, wakati yapo upande wa kiume?"

Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linatoka wapi. "Nyundo nanunulia wapi mimi? Kwenye mawigi?"

Nikaitazama ile nyundo pale chini. Nalala chumba kimoja na nyundo yake. Lakini nikisema moyoni "wanawake" nilikuwa nawaona wa saluni, nikisema "wachimbaji" namwona shemeji. Dada yangu sikuwa nimemweka popote.

Kesho yake nikaenda dukani, nikachukua vikopo vyote.

"Haya, sasa ya kike?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Nitayarudisha hapa hapa kwenye nyundo. Nayapika upya bila harufu."

Lebo mpya niliandika MAFUTA YA MIKONO ILIYOPASUKA. Alipoisoma akatikisa kichwa. "Watu wanapenda kuambiwa hiki ni chako wewe. Hii yako itawachanganya." Akanipa rafu ya chini kabisa, akasema yasipotoka atayaondoa. Huenda yuko sahihi. Kuna mwanamke mwingine ameleta mafuta ya kwake, kopo la rangi ya waridi lenye ua, nayo yanatoka mbio upande wa kushoto. Nikipita pale najikuna mkono bila kuwashwa.

Siku moja dada alirudi na kikopo amekinunua mwenyewe, akanisukumia.

"Yanateleza! Nimepaka kazini, nyundo nusura imwangukie mwenzangu mguuni."

"Ni ya kupaka ukishamaliza kazi, dada."

"Sasa hilo ndilo ungeandika! Unaniandikia nimepasuka, kwani sijui kama nimepasuka?"

Akaninyooshea mikono yote miwili, maana kifuniko kilikuwa kimelowa mafuta, kikamshinda kufungua tena. Nikampaka kidole kimoja kimoja. Palipopasuka sana alifumba macho, akasema polepole, bhebhe, polepole.

Shemeji akauliza toka mlangoni, "Yananukia hayo?"

"Hayanukii."

Akavuta kigoda, akaleta na mikono ya kwake.