Machicha ya Ufaransa

Mpishi wa mzungu mjenzi wa barabara pale Kiomboi ana viganja kama majembe, na hakuna kinywaji kinachompita bila kukorogwa. Hata chai huikoroga mara saba, midomo ikihesabu. Kwao Ulemo, ukimpa mgeni pombe ya juujuu na machicha ukayaacha chini, umemtukana. Basi siku mzungu alipomtolea rafiki yake chupa ya mwisho ya divai nyekundu, ya kishamba cha mzee mmoja na wanawe huko Ufaransa, iliyolazwa miaka kumi na moja, mpishi akayaona machicha chini. Wacha wee! Akaitikisa mpaka kofia ikamdondoka, akamimina.

Mzungu akainua glasi kwenye mwanga, akaona tope. “Nani ameitikisa?”

“Mimi, Bwana! Barabara kabisa!”

Mzungu akaishusha glasi kama aliyefiwa, kisha akamsukumia. “Kunywa wewe.”

Mpishi akaipokea kwa mikono miwili, hajui kama amefukuzwa kazi au amekaribishwa mezani. Akanywa, akayatafuna machicha, akafumba jicho moja.

“Bwana,” akasema kwa huruma, “umeiwahi mno. Ungeiacha siku mbili zaidi, ingeiva.”