Goti la Leticia

Majina ya waliokuwa ndani nimeyabadilisha, kituo chenyewe sikitaji, na yule aliyetoka hai katika mambo haya yuko mbali, hata mimi sijui ni wapi. Ndiyo maana leo nafungua mdomo. Wanaonijua wanajua nimeteseka kiasi gani, maana mimi Zuleha kukaa na neno tumboni ni kazi ngumu kuliko kuzalisha mapacha.

Mimi ni nesi mstaafu, mtoto wa Karema, nimekulia samaki wa migebuka na upepo wa ziwa. Leticia, mwanasheria, alinifuata Mpanda baada ya kustaafu kwangu kwa sababu alitaka mtu anayejua kutazama mwili. Alama ya kamba ni hii, alama ya waya ni hii, huyu kaanguka kweli, huyu kaambiwa aseme kaanguka. Nikamwambia mimi nimezoea kutibu majeraha, siyo kuyatazama tu. Akasema, "Dada, kuna watu hawajawahi hata kutazamwa tu." Nikamwona ana maneno, nikakubali.

Majirani zake wa mtaa wa Nsemulwa hawakumwelewa kabisa. Mwanasheria gani huyu, kesi ya kiwanja hachukui, talaka hachukui, gari hana? Alikuwa amezunguka miaka mingi na shirika la kimataifa lenye ofisi Uswisi, wanaingia magereza na vituo vya nchi za watu, wanakaa na mahabusu, wanauliza mnalala wapi, mnakula nini, nani anawagusa. Alirudi kumuuguza mama yake, mama akafariki, yeye akabaki. Bado walimwita mara Burundi, mara Zambia, lakini kazi yake kubwa ikawa huku kwetu, na shirika dogo lenye meza mbili. Kazi yenyewe inaitwa kuzuia mateso. Kuwatetea walioteswa ni kazi ya wenzake. Yeye alitakiwa afike kabla. Nilimtania kwa kabila lake, "Mpimbwe wewe, yaani ushindi wako ni siku ambayo hakuna kilichotokea? Nani atakupigia vigelegele?" Alicheka mpaka akakohoa.

Alikuwa na sheria moja aliyonifundisha kabla ya zote: usimchague mtu. Ukiingia mahabusu, unaongea na kila mmoja, faragha, kwa muda uleule na maswali yaleyale, hata yule asiye na la kusema, hata yule anayekutukana. Ukiondoka, waliobaki wataulizwa nani kasema. Kama wote wamekaa na wewe sawasawa, hakuna wa kushikwa shati. Aliniambia nchi moja, hakuitaja, mwenzake alimpa mahabusu mmoja sigara. Sigara tu. Waliporudi, yule mtu hakuwepo na hakuna aliyemkumbuka. Leticia alinisimulia hayo anapepeta mchele, na mikono yake ikasimama.

Safari ninayoisema ilikuwa kiangazi, mapori yanachomwa, jua lenyewe jekundu tangu asubuhi. Tulikwenda kituo kimoja cha askari upande wa kwao Leticia, mbele ya Kibaoni. Kibali tulikuwa nacho. Mkubwa wa kituo alitupokea vizuri mno, viti vimefutwa, soda zimetoka baridi. Mimi mtu akinipa soda kabla sijaiomba, naanza kutazama mlango uko wapi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, anatabasamu, anamwita Leticia "dada yetu". Vijana wake walisimama kila kona, hawatabasamu.

Tukaanza kazi. Mmoja mmoja wanakuja uani, chini ya bati, mbali na masikio. Wa katikati alikuwa Manyanda, Msukuma, mfugaji, mtu mrefu aliyekunjika kama mgonjwa wa tumbo. Walimtaka aseme bunduki iko wapi, na yeye bunduki hajawahi kuishika. Nilimwambia anyooshe mkono, akashindwa kuuinua kufika begani. Nikaziona na zile alama za kwenye viwiko, nikajua aliningʼinizwa. Akamwambia Leticia kwa sauti ya kunongʼona kwamba nyuma ya kituo kuna stoo ya mahindi, ndani kuna bomba la chuma limepita juu, na watu wanaingizwa humo. Akasema, "Mama, wakijua nimesema, sitatoka." Leticia akamjibu hakuna atakayejua. Alimtazama machoni alipomwambia hivyo. Kisha akamaliza naye kwa muda uleule kama wengine, akaita anayefuata, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilimvulia kofia siku ile, Wallahi.

Tumemaliza, mahabusu wamepangwa barazani tuwaage, ndipo gari likaingia. Wakashushwa watu wapya waliokamatwa msituni, wakasukumwa mwisho wa mstari. Leticia akaanza kupita, anaaga kila mmoja kwa neno lilelile, "Asante, tutarudi." Akafika mwisho.

Pale mwisho alisimama mzee Kassiani, mjomba wake.

Hapa nieleze, maana msomaji wa mjini anaweza kuona ni jambo dogo. Baba yake Leticia alikufa yeye bado ananyonya. Aliyemlea ni huyu kaka wa mama yake, mkulima wa mpunga wa Kibaoni. Ndiye aliyempakia kwenye baiskeli na sanduku lake kumpeleka sekondari, wanalala njiani. Na kwa Wapimbwe wa nyumba ile, mtoto wa kike hamsalimii mjomba akiwa amesimama. Anapiga goti, anapiga makofi polepole, anangoja aitikiwe. Ni adabu iliyoingia mwilini kabla ya akili kukomaa. Mzee alikuwa amekwenda kukata fito za paa la ghala, akavuka mpaka wa hifadhi, wakamzoa na wengine. Leticia hakujua. Hakuwa na hata dakika ya kujua.

Goti likashuka. Mikono ikakutana, pa, pa, pa, kichwa chini.

Ilichukua muda wa kumeza mate tu, lakini baraza zima liliona. Mzee akaitikia taratibu, kwa Kipimbwe. Leticia akainua kichwa, nikaona uso umempauka. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Siku ile lililoponza ni goti.

Mnajua alifanya nini? Akarudi mwanzo wa mstari, akaanza kuwapigia goti wote. Mmoja baada ya mwingine, vijana wadogo, walevi, wezi wa kuku, anapiga goti na makofi, "Asante, tutarudi." Mahabusu wakaanza kucheka, mmoja akasema mama huyu kapandwa na mashetani. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mkubwa wa kituo naye akacheka, kwa upole wake uleule. Alipotusindikiza kwenye gari la shirika akasema, "Kumbe dada yetu una mtu wako humu. Ungesema mapema, tukamtunza."

Tuliondoka, tukafika Kibaoni. Nikamwambia geuza gari, mpigie bosi wao, mpigie waziri, piga kelele! Nilikuwa nimewaka. Akanijibu kwamba akipiga simu kwa ajili ya mzee mmoja, atakuwa amethibitisha kile goti lilichosema. Hata hivyo alipiga, Mpanda na Dar es Salaam, akawataja mahabusu wote kwa pamoja. Huko wakamjibu watafuatilia. Nyie mnajua maana ya watafuatilia. Asubuhi tukarudi bila taarifa, tukawakuta wote isipokuwa mzee Kassiani. "Tumemwachia," mkubwa akasema. "Mzee wa watu, kukata miti tu. Tumemhurumia." Manyanda alikuwepo, amekaa ukutani, anatazama miguu yake.

Nyumbani kwake hakuwa amefika. Mkewe, Mama Bibiana, alikuwa anaanika mpunga, akatukaribisha kwa shangwe, hajui lolote zaidi ya kwamba mumewe amelala msituni. Tukamtafuta njia nzima. Jioni ndipo watu wa mkokoteni wakamleta, walimkuta kando ya barabara.

Alisema ameanguka kutoka juu ya paa. Nikamvua viatu. Jamani. Nimefanya kazi wodini maisha yangu yote, lakini zile nyayo sitaki kuziona tena hata ndotoni. Nikamwomba mkojo, ukatoka mweusi kama kahawa, nikajua figo zimeanza kuelemewa na nyama iliyopondwa. Nikasema hospitali, sasa hivi.

Wakati Mama Bibiana anakimbilia kanga na blanketi, mzee akamshika Leticia mkono. "Waliniuliza nimekuambia nini kwa Kipimbwe. Nikawaambia sijui. Wakasema basi kama siyo mimi, kuna mwingine, nimtaje. Yule Msukuma alikuwa ananitazama. Mkono wake haupandi, Leti. Akirudi mle stoo hatoki. Nikasema ni mimi. Bomba, mahindi, yote nilikuambia mimi zamani, maana kijijini tunayasikia."

Leticia akasema, "Mjomba, ni goti langu."

"Goti gani? Ungenipita umesimama, hilo ndilo lingeniuma." Akapumzika kidogo. "Sasa sikiliza. Mimi nimeanguka. Ukiandika kwamba nimepigwa, wataitwa, watajitetea, na yule mtu bado wamemshika. Na Bibiana asijue. Akijua atakwenda pale kupiga yowe, unamfahamu. Niapie."

Leticia alikataa. Akakataa tena. Kazi yake yote ya maisha ni kuwafanya watu waseme, na alikuwa na sheria ya pili, kubwa kama ile ya kwanza: huwezi kutumia maumivu ya mtu bila ridhaa yake. Mzee hakuridhia. Leticia akaapa, na mimi shahidi.

Mpanda walimpokea, madaktari wakahangaika naye, nikawanongʼoneza wanachohitaji kujua kwa matibabu na si zaidi. Wakasema asafirishwe Mbeya akasafishwe damu. Alifia njiani, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mkewe.

Msiba ulikuwa Kibaoni. Kwaya ya kigango iliimba, pilau ilipikwa, watu walijaa. Mama Bibiana hakuwa mjinga. Alipomwona Leticia anaingia akasimama katikati ya wanawake, akamnyooshea kidole.

"Nani anaanguka kutoka juu ya paa akaumia nyayo zote mbili? Hebu niambie, wewe uliyesoma! Umezunguka dunia nzima kuwatetea watu wa watu. Leo aliyekubeba kwenye baiskeli amepigwa, unanyamaza? Wamekupa nini, Leti? Wamekupa nini?"

Nilisubiri Leticia aseme, nilitamani aseme hata uongo. Alisimama tu, machozi yanamtiririka, na kila mtu akayasoma machozi yale kama hatia. Wanawake wakaukunja mkeka aliotaka kukalia. Hakuruhusiwa kutupa udongo. Alikaa barabarani, kwenye mzizi wa mti, mpaka padri alipomaliza, na mimi nimekaa naye, nimeuma ushungi wangu kwa meno ili nisipige ukelele. Nilimkasirikia Mama Bibiana, nikamkasirikia marehemu kwa kiapo chake, nikajikasirikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa naujua ukweli na ukweli ulikuwa hauna kazi. Tangu siku ile ukoo haujamwita kwenye harusi wala ubatizo.

Wiki iliyofuata akaniambia tunarudi kituoni. Nikamwuliza kama ana wazimu. Akasema mtu anayetembelewa mara kwa mara ni vigumu kumpoteza, na Manyanda alikuwa hajafikishwa mahakamani. Leticia alikuwa amekonda, nguo inamning'inia. Tukaenda.

Mkubwa wa kituo akatupa pole ya msiba, kwa sauti yake ya chini. Akasema mzee alikuwa mtu mzuri, na juu ya mapaa ni hatari kwa wazee. Leticia akamshukuru. Soda zikaja. Aliinywa yake mpaka ikaisha, na mimi yangu nikaiacha mezani ipate moto wa jua.

Safari hii hawakutupa faragha. Walisema uani kunafanyiwa usafi, mahabusu wakaletwa barazani, na askari mmoja akasimama karibu kiasi cha kunusa sabuni yake. Leticia akapita mstari. Unalala wapi, unakula mara ngapi, unaumwa. Akamfikia Manyanda. Unalala wapi, unakula mara ngapi, unaumwa. Manyanda akajibu. Mkono wake ulikuwa umeanza kupanda. Tangu tulipoondoka hawakuwa wamemgusa tena.

Kisha akauliza yeye, wala hakuinua macho. "Mama, yule mzee aliyekuwa hapa na sisi. Alifika nyumbani?"

Askari akageuza shingo.

Leticia akasema, "Alifika."

"Salama?"

"Salama."

Manyanda akatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya hapo. "Mwambie nikitoka nitamfuata. Nina mtamba mmoja, mweupe mgongoni. Nitamletea mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Nitamwambia," Leticia akasema, akasogea kwa mtu aliyefuata, akamwuliza analala wapi.