Mashine Iliyoshushwa Mara Mbili

Miaka niliyofanya kazi benki, mteja mgumu kuliko wote alikuwa baba yangu, maana hakuwahi kukubali kuwa mteja. Mkopo wetu ulikuwa na riba, na riba haikanyagi nyumbani kwake. Lakini mwaka ule mashine yake ya kukamua alizeti ilikufa kabisa, na msimu ulikuwa mlangoni. Bila mashine angekaa kutazama magunia yakipita kwenda kwa wengine.

Rafiki yake, mwenye duka la vipuri Utemini, akakubali kununua mashine mpya, kisha amuuzie kwa bei ya juu, alipe kidogokidogo. Nikapiga hesabu. Bei ya rafiki ilizidi mkopo wetu pamoja na riba yake!

"Baba," nikamwambia, "riba umeifungia mlango wa mbele, imepitia uani imevaa kanzu."

Akacheka. "Yule anauza kitu chake, mwanangu. Ninyi mnauza hela."

Akashikilia kwamba mashine ishushwe kwanza kwa rafiki yake, iwe kweli mali ya huyo rafiki, ndipo wauziane. Basi lori likapita mbele ya nyumba yetu na mashine juu, likaelekea Utemini, ili kesho ipakiwe tena irudi kwetu. Mama alisimama barazani akaipungia mkono.

"Haya mgeni, kwaheri," akasema. "Karibu tena kesho."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kule Utemini, wakati wa kushusha, kamba ilikatika. Mashine ikaanguka, fremu ikapasuka. Kicheko kiliniisha. Kwetu benki, ulichonunua kwa mkopo kikivunjika, rejesho la mwezi liko palepale. Nilishawaambia watu hivyo mimi mwenyewe, kwa sauti ya upole kabisa.

Tulipofika na baba, fundi wa kuchomelea alikuwa kazini tayari. Rafiki yake alituahidi mashine itakuwa imepona kabla alizeti haijaanza kuingia mjini. Baba aliona haya, akatoa nusu ya gharama. "Mimi ndiye niliyewasumbua muishushe hapa," akasema.

Yule mzee mwenye duka akamrudishia noti zake mkononi.

"Bado ni yangu hii, na bei ni ileile. Ukinilipia hasara, ile faida niliyoongeza kwenye bei nitaila kwa lipi?"

Nikajikuta nampa shikamoo ya pili siku ile. Ya kwanza niliitoa kwa mazoea tu.